Ngozi Mpya Juu ya Kidonda



Fundisho la Mtume Paulo juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi twalijua sote. Liko katika barua yake ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 12. Tumelisikia kanisani, tumewafundisha wakatekumeni, na watoto wa Komunyo ya kwanza hulieleza bila kigugumizi. Lakini jambo lijulikanalo kwa mdomo laweza kukaa miaka mingi bila kushuka moyoni. Kwa hiyo leo nataka tuliangalie mahali ambapo laonekana kwa macho, yaani juu ya kitanda cha mgonjwa aliyekatwa kansa ya ngozi, kisha akapandikizwa ngozi juu ya kidonda chake.

Katika shirika letu yuko baba mmoja, mchoma matofali. Alipokuwa kijana, moto wa tanuru ulimwunguza mguu chini ya goti. Jeraha lilifunga, likaacha kovu gumu. Kovu hilo likawa likipasuka na kufunga, likipasuka na kufunga, zaidi ya miaka 30. Mwishowe halikufunga tena. Kando zake ziliinuka kama mdomo wa chungu, likitoa damu hata kwa kuguswa na nguo, na harufu yake ikaanza kuwafukuza wageni. Baba huyo alitia majani, akatia unga wa vidonge, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi. Alipofika hospitalini, daktari alitoa kipande kidogo cha nyama ya kidonda ili kipimwe. Jibu lilikuwa: kansa ya ngozi.

Wengi kwetu hudhani kwamba kansa ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Sivyo. Ngozi nyeusi ina kinga kubwa juu ya jua, ni kweli, na twapaswa kumshukuru Muumba kwa ajili yake. Lakini kansa yaweza kuzaliwa katika kovu la moto, au katika donda la mguu lililokaa miaka mingi bila kupona. Yaweza kuzaliwa katika wayo wa mguu au chini ya ukucha, kama doa jeusi linaloenea. Na ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga ile, hushambuliwa usoni, masikioni, shingoni, mdomoni na mikononi, mara nyingi wangali vijana. Kidonda kisichopona kwa mwezi mzima, chenye kando zilizoinuka, kinachotoa damu bila sababu, hakingojewi. Kipelekwe kwa daktari kingali kidogo.

Basi, daktari mpasuaji alimkata baba yule. Hakukata uovu peke yake. Alikata pia ukingo wa nyama nzuri kuuzunguka pande zote na chini, kwa maana mizizi ya kansa huenda mbali kuliko jicho linavyoona. (Wakristu, angalieni jambo hilo mnapotengeneza moyo kwa maungamo. Anayeacha pombe lakini hataki kuacha njia ya kupitia mlangoni pa baa, huyo amekata bila ukingo.) Shimo lililobaki lilikuwa kubwa kuliko kiganja cha mkono. Lisingeweza kushonwa. Hapo ndipo ilipohitajika ngozi nyingine.

Ngozi hiyo hutoka wapi? Hutoka katika mwili wa mgonjwa mwenyewe, na mara nyingi hutoka pajani. Daktari huchukua kisu maalumu, akaparua utando mwembamba sana, usiofika unene wa milimita 1, akautandaza juu ya kidonda kilichosafishwa, akaufunga usisogee. Kazi hii si ya jana. Mwaka 1869, huko Paris, daktari kijana kutoka Uswisi, Jacques-Louis Reverdin, alionyesha kwamba vipande vidogo vya ngozi vikiwekwa juu ya kidonda vyaweza kushika na kuishi. Tangu hapo waganga wamezidi kuitengeneza njia hiyo, hata leo ni kazi ya kila siku katika hospitali nyingi za upasuaji.

Kwa siku 2 za kwanza, ngozi ile haina mishipa ya kuilisha. Yanywa tu maji ya kidonda kilicho chini yake, kama mche uliong'olewa kitaluni na kutiwa katika udongo mwingine. Kuanzia siku ya 3 hivi, mishipa midogo ya damu huanza kupanda kutoka chini na kuungana nayo. Baada ya siku 5 hadi 7, ikiwa mambo ni mema, imekwisha kushika. Lakini katika siku hizo adui zake ni wengi: damu ikikusanyika chini yake, itainuliwa na kufa, usaha ukiingia, itaoza, mguu ukitikiswa, mishipa ile michanga itakatika. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa mguu huamriwa kulala, mguu umeinuliwa, asishuke kitandani kwa sababu ya kuchoka tu. Tumbaku pia hukatazwa, kwa maana huibana mishipa ya damu.

Baba yetu, aliyezoea kubeba matofali tangu alfajiri, aliniambia kwamba siku zile 5 za kulala zilikuwa kazi nzito kuliko tanuru lote. Namsadiki. Tumelelewa kusifu mkono unaotenda, na hatukufundishwa kuheshimu mguu unaotulia ili upone. Mkimwona mgonjwa amelala hivyo, msimwite mvivu, wala msimchekeshe kwa kumwambia mwanamume hakai kitandani. Yuko kazini.

Kisha akaniambia neno lililonifanya niandike ukurasa huu. Alisema: «Mwalimu, mguu uliopewa ngozi haukuniuma sana. Paja lililotoa ndilo lililonikesha usiku.»

Nilimwuliza mwuguzi, naye akasema ndivyo ilivyo kwa wengi. Kidonda kikubwa kikiisha kufunikwa hutulia. Lakini paja, lililokuwa zima, ambalo halikuugua wala kuungua, sasa limeparuliwa na mishipa yake ya maumivu iko wazi. Lawaka kama lililokwaruzwa juu ya changarawe. Lahitaji kama siku 14 kupona, na likianza kupona huwasha, wala halikunwi. Na wageni wakija, wote huangalia mguu. Hakuna anayeuliza habari za paja.

Wapenzi, nani ni paja katika nyumba zenu?

Twajua desturi ya hospitali zetu. Mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na mlinzi wa kumpikia, kumfulia, kumgeuza, kukimbilia dawa. Mke wa baba yule alilala juu ya mkeka chini ya kitanda kwa majuma mengi. Mbuzi waliuzwa. Na binti yao wa darasa la 6, mwanafunzi wetu, alitolewa shuleni ili apike na kubeba chakula asubuhi na jioni. Mwaka wake ulikuwa ukipotea. Watu walisema: «Ni mtoto mwema, amtumikia baba yake.» Kweli ni mtoto mwema. Lakini tazameni jinsi daktari mwenye akili anavyochukua ngozi. Hachukui kwa kina mahali pamoja. Huchukua utando mwembamba, mahali papana, akiacha chini mizizi ya nywele, na kutoka katika mizizi hiyo ngozi huota tena ikafunika paja. Angechimba kwa kina, mizizi yote ingekwisha, na paja lenyewe lingekuwa kidonda cha pili ambacho nacho chataka ngozi kutoka kwingine.

Basi na sisi tumekuwa tukichimba kwa kina. Twamchukua mtoto mmoja wa kike, au mama mmoja, twamparua mpaka mfupa, kisha twamsifu kwa uvumilivu wake. Huo si upendo wa Kikristu. Mtume Paulo hakufundisha kwamba kiungo kimoja kiteseke kwa niaba ya vingine ilhali vingine vyatazama. Alifundisha kwamba vyote vitunzane. Shirika lenye nyumba 20 likitoa mlinzi mmoja kwa siku moja, zamu humrudia mtu baada ya siku 20. Nani atashindwa? Nyumba moja hutoa maharage, nyingine mayai, nyingine ndagaa. Maana aliyepandikizwa ngozi yampasa kula vyakula vya kujenga mwili, wala fufu na sombe peke yake havimtoshi. Shirika letu lilifanya hivyo kuanzia juma la 3, na binti yule akarudi darasani. Yuko nyuma katika hesabu, lakini yuko darasani.

Sasa niseme juu ya wale waliokuja kitandani pake na maneno mengine. Walikuwako watu wa chumba cha maombi waliomwambia atoke hospitalini, kwamba kisu ni ukosefu wa imani, kwamba angefunga siku 3 tu angepona. Walimtajia hata Mtakatifu Peregrini. Ni vema wamemtaja, kwa sababu habari zake zawapinga wao wenyewe. Peregrini Laziosi alikuwa mtawa wa shirika la Watumishi wa Maria katika mji wa Forlì, Italia. Alifariki mwaka 1345, akatangazwa mtakatifu mwaka 1726, nao wagonjwa wa kansa humwomba awaombee. Alikuwa na donda baya la mguu. Mapokeo yasimulia kwamba usiku mmoja alijikokota mpaka mbele ya msalaba, akalala usingizi, akaona katika ndoto Bwana akimgusa, na asubuhi mguu ulikuwa mzima. Lakini asubuhi hiyo ilikuwa ipi? Ilikuwa asubuhi ambayo daktari alipaswa kuja kuukata mguu huo. Peregrini alikuwa amekwisha kukubali! Hakumkimbia daktari. Alisali kama mtu ambaye kesho yake yumo mikononi mwa mganga, na mganga yumo mikononi mwa Mungu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chafundisha vivyo hivyo: tumheshimu mganga, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba yeye na dawa zake. Anayemtoa mgonjwa wa kansa hospitalini kwa jina la Yezu Kristu, na ajihadhari. Kansa haingoji mwisho wa mfungo.

Tena si kila anayesali hupona. Twaye mwenyeheri wetu wa hapa Kongo, Isidori Bakanja, mlei, mfanya kazi wa shamba la Wazungu huko Ikili. Mwaka 1909 alipigwa mijeledi ya ngozi ya tembo kwa sababu ya skapulari ya Bikira Maria aliyoivaa, hata ngozi ya mgongo wake ikaondoka. Hakuwako daktari wa kumpandikiza nyingine. Vidonda vilioza, akateseka miezi mingi, akafa tarehe 15 Agosti mwaka huohuo, akiwa amemsamehe aliyempiga na kuahidi kumwombea. Papa Yoane Paulo II alimtangaza mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994. Huyu alisali kuliko sisi, na mgongo wake haukupona. Basi msimhukumu mgonjwa yeyote kwa kidonda chake, na msiwaambie waliofiwa kwamba imani yao ilipungua.

Neno la pili lililomfikia baba yule lilitoka sokoni. Walisema: «Amebandikwa ngozi ya maiti.» Wengine wakakataa kunywa naye kikombe kimoja. Nimekwisha kueleza kwamba ngozi ile ilikuwa yake mwenyewe. Na si jambo la kuchagua tu. Waganga wamejua kwa hakika kwamba ngozi ya mtu mwingine, hata ikifunika kidonda kwa muda, mwili huitambua kuwa ni ngeni, huipiga vita, na baada ya majuma machache huitupa, isipokuwa imetoka kwa pacha wake wa kufanana kabisa. Ngozi ya kukaa daima lazima iwe ya damu moja na kidonda.

Ninyi makatekista wenzangu, mnaohangaika kueleza kwa nini Mwana wa Mungu alipaswa kuwa mtu kweli, shikeni mfano huu. Mtaguso wa Kalkedoni, mwaka 451, ulifundisha kwamba Kristu, kwa Umungu, ni wa asili moja na Baba, na kwa utu ni wa asili moja nasi. Walikuwako watu waliosema kwamba mwili wake ulikuwa kivuli tu, au mwili wa mbinguni ulioshuka tayari. Mwili wa namna hiyo ungekuwa ngozi ngeni juu ya kidonda cha Adamu, usingeshika. Yeye alichukua mwili wetu hasa, kwa Bikira Maria, ili tupone kwa kilicho chetu. Mfano haufiki mwisho, najua. Hakuna mfano unaofika katika mambo haya. Lakini mchoma matofali aliuelewa kabla sijaumaliza.

Alipotoka hospitalini, hakuja kanisani. Jumapili ya kwanza tulisema amechoka, na ya pili vilevile. Jumapili ya nne nilikwenda kwake. Alikuwa na nguvu za kutembea. Hakutaka kuonekana. Ngozi iliyopandikizwa haifanani na ile ya jirani: mwanzoni ni nyekundu, baadaye yaweza kuwa nyeusi sana au kupauka, nayo imebonyea, kwa kuwa nyama ya chini imeondoka. Aliona haya kuvaa suruali fupi hata nyumbani. Na yeye ni mguu tu! Fikirini mama aliyekatwa pua au sikio, ambaye hawezi kuuficha uso wake chini ya kitenge.

Sikumwambia kwamba kovu si kitu. Kovu ni kitu. Nilimsomea Injili ya Mtakatifu Yoane, sura ya 20. Bwana Yezu Kristu amefufuka, mwili wake umetukuzwa, kifo hakimtawali tena. Angeweza kurudi bila alama yoyote. Hata hivyo mikono ilikuwa na alama za misumari na ubavu ulikuwa na alama ya mkuki, akamwonyesha Tomaso. Makovu yale hayatoi damu tena. Yamepona, lakini yapo. Baba yule alikaa kimya, kisha akauliza kama Tomaso aligusa kweli. Nikamjibu kwamba Injili haisemi kama aligusa. Yasema tu kwamba aliitwa aguse, naye akakiri Umungu wa Bwana. Tuliacha hapo. Jumapili iliyofuata alikuja, akaketi nyuma.

Ngozi mpya ina kazi zake za kila siku. Haina mafuta yake yenyewe wala jasho, kwa hiyo hukauka na kupasuka. Yapakwe mafuta laini yasiyo na manukato, asubuhi na jioni. Mara nyingi haisikii moto wala mwiba vizuri, basi mtu asiikaribie tanuru bila kuiangalia. Ifunikwe jua lisiipige. Na mgonjwa arudi kwa daktari siku aliyoandikiwa, hata kama hana maumivu, hasa katika miaka 2 ya kwanza, maana kansa yaweza kurudi pembeni pa kovu au kuonekana kama tezi iliyovimba kinenani, kwapani au shingoni. Nauli ya kwenda na kurudi ni tatizo la kweli. Sanduku la shirika liko kwa ajili ya nini?

Nimetaja ndugu zetu wenye ualbino, na kwa kuwa mimi ni mwalimu, siwezi kuwapita. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 13 Juni kuwa siku yao, ikaanza kuadhimishwa mwaka 2015. Ni vema, lakini jua huwaka siku zote 365. Ualbino hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao ni weusi. Si laana, wala hauambukizwi, wala si kosa la mama. Katika darasa la 4 tunaye binti mmoja wa namna hiyo. Kwa macho yake asiyeona mbali, amewekwa dawati la mbele, mbali na dirisha la jua. Saa ya shamba la shule, wenzake wanapolima, yeye huhesabu mbegu na kuandika daftari la mavuno chini ya mwembe. Walikuwako wazazi waliolalamika kwamba anapendelewa. Niliwauliza kama kiatu ni upendeleo wa mguu. Ana mikono mirefu ya nguo na kofia ya ukingo mpana, wala haivui nje hata wimbo wa taifa ukiimbwa, mkurugenzi ameruhusu. Tukimtunza hivyo tangu sasa, huenda hatatafuta ngozi ya kupandikizwa usoni akiwa na miaka 25.

Mwaka huu maandamano ya Sakramenti Takatifu yatatoka kanisani saa 11 jioni, si saa 4 asubuhi kama ilivyokuwa desturi. Padri mkuu amekubali, ingawa wazee wa kwaya walinung'unika kidogo. Binti wa darasa la 4 atatupa maua mbele, kofia kichwani. Mchoma matofali ameomba kushika mti mmoja wa hema la Sakramenti, upande wa kushoto. Anatembea polepole, wanaoshika miti mitatu mingine wameambiwa wafuate mwendo wake.